Vigogota wa Siku ya Ishirini na Moja

Somoe mwanangu,

Barua hii nimeibana ndani ya daftari lako la ndege, kwenye ukurasa ule ulipoandika kwa herufi kubwa WAMERUKA WOTE. Najua utaikuta, maana daftari hilo hulifungi begini pamoja na nguo, unalibeba mkononi kama watu wanavyobeba simu; leo tu umeliacha mezani. Sasa hivi ni alasiri. Wewe uko Vingunguti kwa shangazi yako unasukwa nywele na kuagwa, mama yako anakuchomea vitumbua vya safari, na mimi nimekaa bandani kwangu ninapochonga vinyago, tezo nimeiweka chini, nimeshika kalamu. Mwandiko wangu unaujua. Ukikuta mstari umepinda, vumilia.

Habari za blanketi, za kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, za kupiga simu ukifika, mama yako ameshakwambia mara tatu na kesho kituoni atakwambia mara ya nne. Mimi sitaongeza. Nina jambo langu moja ambalo limenikaa miaka tisa, na jana wewe mwenyewe ulilichokoa bila kujua.

Jana asubuhi tulikuwa tunakunywa chai. Ulikuwa umefungua kile kitabu cha ndege ulichonunua kwa muuza vitabu vya mtumba, unasoma huku unachovya chapati. Ukacheka peke yako, ukasema, "Baba, hiki kitabu kinasema makinda wa kigogota wanakaa tunduni karibu wiki nne. Uongo! Wangu waliruka siku ya ishirini na moja. Wiki ya kwanza tu chuoni nampelekea mwalimu hili daftari, aone."

Mama yako akanitazama. Mimi nikainua kikombe, chai ikanipalia, nikakohoa mpaka ukanipiga mgongoni. Ukadhani ni chapati.

Ulipotoka, mama yako akaniambia, "Baba Somoe, mtoto anaondoka Jumamosi. Utamwambia wewe au nimwambie mie?"

Nikamwambia, "Nitamwambia."

"Umesema hivyo tangu yuko darasa la tano."

Ni kweli, nimesema hivyo tangu uko darasa la tano. Kwa hiyo nakuambia sasa, kabla hujafika kwa huyo mwalimu. Vigogota wako hawakuruka siku ya ishirini na moja. Ile siku mimi ndiye niliyelikata tawi, nao walikuwa ndani.

Nimeandika sentensi hiyo halafu nikatoka nje kunywa maji. Nimerudi.

Nataka nikusimulie ilivyokuwa, nisikuachie neno moja tu la kukuumiza. Unakumbuka ule mkorosho wetu ulikuwa na tawi kubwa kavu lililoinamia paa la banda. Mwaka ule, kiangazi kinakaribia kuisha, wakaja wale wawili. Dume mwenye wekundu utosini mpaka shingoni, jike mwenye wekundu kisogoni tu. Wewe ndiye uliyeiona hiyo tofauti, mimi nilikuwa nawaona wote sawa. Ukampa dume jina la Fundi. Ukawa unaniuliza, "Baba, mdomo wake anaunolea wapi?" Nikakujibu hana haja ya kunoa, ndiyo maana hachelewi kumaliza kazi kama mimi. Ukacheka sana, ukaandika.

Kila ukitoka shule ulikuwa unakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pale karibu na karo la kufulia, unatazama. Kila jioni ulinipa taarifa. Wanachimba kwa zamu. Anayekuja kupokea zamu anagonga nje kidogo, aliye ndani anajibu kwa kugonga, halafu anatoka. Vumbi la mti hawaliachi tunduni, wanalitoa kwa mdomo na kulimwaga. Ulinionyesha siku ndege aina ya kwezi walipokuja kutaka kunyang'anya tundu, na Fundi akajaza mlango kwa kichwa chake, hakuna aliyepita. Uliniambia habari hizo kwa pumzi moja, na mimi nilikuwa nasema "eh, eh" huku napiga msasa. Nilidhani kusema "eh" ni kusikiliza.

Kabla ya ndege hao, Somoe, ulikuwa unakaa nami hapa bandani. Ulikuwa na kipande chako cha msasa na kinyago chako kimoja kilichovunjika mkono, unakisugua mwezi mzima. Sikuwahi kukuambia kwamba nilipenda ukae pale. Ulipohamia kwenye ndoo, nilinuna. Mtu mzima, baba wa mtoto, namwonea wivu ndege! Hilo ni la kwanza ambalo sikupenda mtu alijue.

La pili ni la daftari. Siku moja ulilisahau juu ya gogo la mpingo. Nikalifungua, nikakuta umeandika hivi, nakumbuka mpaka vituo vyake: "Jioni dume ameingia. Jike ameondoka. Dume ndiye anayelala na watoto." Chini yake: "Baba amekuja nimeshalala."

Hukuongeza neno. Wewe ulikuwa unaandika tu kila ulichokiona siku ile, cha juu ya mti na cha chini. Lakini mimi nilisimama na lile daftari mkononi masikio yanawaka. Miaka ile, mwanangu, nilikuwa nikifunga kazi naenda kijiweni. Si kwamba palikuwa na kitu cha maana. Bao, maneno, kupigana vijembe kuhusu mpira, na siku nyingine chupa. Narudi mmeshalala, nakula chakula kimepoa, nazima taa. Nilijiambia nimechoka na kazi, nina haki ya kupumzika. Na sasa mtoto wa miaka kumi na moja ameniweka kwenye mstari mmoja na ndege, na ndege amenishinda.

Ningetakiwa nione aibu, basi, nirudi nyumbani mapema kesho yake. Badala yake nilikasirika. Nilimkasirikia Fundi. Nikalifunga daftari kwa kishindo. Ningefunua ukurasa mmoja tu mbele ningekuta umeandika: "Mwalimu amesema karibu wiki nne. Bado siku tisa au kumi." Ukurasa huo niliusoma baadaye sana, wakati haunisaidii tena.

Baada ya siku tatu anga likaanza kufunga. Mvua za vuli zilikuwa karibu, na ndani ya banda nilikuwa na kazi ya mteja mmoja, familia nzima ya watu waliobebana kwenye gogo moja, kazi ya miezi. Nikatazama lile tawi kavu juu ya mabati nikasema likianguka nimekwisha. Hilo lilikuwa kweli, tawi lilikuwa la hatari. Ila lilikuwa la hatari tangu mwaka uliopita na sikuwahi kuligusa. Wewe ulikuwa shule. Nikaweka ngazi, nikapanda.

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Sisi wachongaji hatununui gogo kwa macho. Tunaligonga kwa mgongo wa tezo na kulisikiliza. Lenye ufa ndani linalia hivi, lililo zima linalia vile, lililooza halilii. Sikio langu limelisha nyumba hii tangu hujazaliwa. Watu wa Mtwara kule kwa babu yako walikuwa wananituma mimi nikiwa kijana nikawachagulie magogo. Basi nikaligonga tawi mara tatu, karibu na tundu, nikatega sikio. Kimya. Uwazi mtupu. Nikasema, wameshaondoka.

Sikujua kwamba kinda akisikia mlango unagongwa na mgeni, ananyamaza. Wewe ulikuwa unajua. Ulishaniambia! Ulisema, "Mama yao akilia kwa hofu wanakuwa kimya kabisa, baba, kama hawamo." Nikasema "eh."

Na jike alikuwa analia. Alikuwa kwenye mfenesi wa jirani anapiga kelele, nami nilimsikia. Nikasema kelele za ndege tu hizo, nikauweka msumeno kwenye tawi.

Walikuwa watatu. Wawili walikufa pale pale tawi lilipogonga ardhi. Wa tatu alikaa mkononi mwangu mpaka karibu adhuhuri. Walikuwa na manyoya tayari, Somoe, na dume mmoja alishaanza wekundu. Nilimtia tone la maji mdomoni, akafungua mdomo kama ananidai chakula, halafu akaacha.

Mama yako alitoka ndani, akaona, akaingia tena. Alirudi na kipande cha kanga. Tuliwazika nyuma ya choo, pale ulipokuja kupanda mchaichai mwaka uliofuata. Nilikuona unapanda, nikakuacha, kwa sababu ningekuzuia kwa maneno gani?

Kilichonimaliza ni wale wazazi. Walikuja na wadudu mdomoni. Fundi akatua kwenye kisiki cha tawi, mahali ambapo mlango ulikuwa, akagonga kidogo, kama anavyofanya akija zamu. Akasubiri ajibiwe. Akazunguka kisiki, akagonga tena. Aliondoka, akarudi na mdudu mwingine, akagonga. Mpaka ulipokaribia kurudi kutoka shule alikuwa bado anagonga. Nilikuwa hapa chini, nimeshika tezo, siwezi kuipiga kwenye mti.

Halafu ukaja. Nguo ya shule, begi mgongoni, ukatazama juu. Uso wako ulivyogeuka sitausahau. "Baba! Tawi liko wapi?"

Nikasema, "Upepo."

"Na watoto?"

Nilikuwa na nafasi hapo. Nafasi pana kabisa. Nikasema, "Walisharuka asubuhi. Niliwaona."

Ukaruka na wewe. Ukanikumbatia kiunoni, na vumbi langu lote, ukapiga kelele, "Wameruka! Siku ya ishirini na moja! Mwalimu alisema wiki nne, mama yao hodari!" Ukakimbilia daftari. Nilikutazama ukiandika zile herufi kubwa, umetoa ulimi nje kidogo kama unavyofanya ukikazana, na nikajiambia kwamba mtoto akicheka hivyo, uongo huu hauna ubaya.

Unajua jinsi tunavyofanya gogo la mpingo likipata ufa na kazi imekaribia kuisha. Tunasaga vumbi la mpingo wenyewe, tunalichanganya na gundi, tunajaza, tunapiga msasa, tunapaka dawa ya viatu nyeusi. Hata mimi mwenyewe nikirudi kesho siuoni ufa. Mteja anaondoka na kinyago kimeng'aa. Ila kikifika nchini kwake, hewa kavu, ule ufa unafunguka tena na gundi inadondoka. Babu yako alinifundisha hilo kama ufundi. Nimelifanya kwenye vinyago nisivyoweza kuvihesabu, na siku ile nikalifanya kwako. Nilijaza ufa kwa vumbi la mti wenyewe, maana maneno ya kuruka, ya mama hodari, ya siku ya ishirini na moja, yote yalikuwa yako, mimi niliyabandika tu.

Sikudhani ungekua nalo. Nilidhani mtoto anasahau. Kumbe ukalisimulia darasani, ukalisimulia sekondari, ukaliandika kwenye barua ya kuomba chuo cha wanyamapori kwamba ulianza kupenda ndege nyumbani kwenu Gongo la Mboto, ulipowaona vigogota watatu wakikua mpaka kuruka. Ulinisomea barua hiyo kwa sauti. Nikasema nzuri. Kila ulipopanda darasa, kuongea kulizidi kuwa kugumu. Na sasa unampelekea mwalimu, na mwalimu atakuuliza, uliwaona kwa macho yako? Utasema baba aliwaona. Mwanangu, baba hakuona kitu.

Naogopa nini? Nikuambie waziwazi. Naogopa ukisoma hapa utaanza kurudi nyuma, kila nililowahi kukuambia unaligonga na kulisikiliza, hili zima, hili lina ufa. Una haki. Mimi ningefanya hivyo. Naogopa pia kwamba utaona umekwenda chuo kwa sababu ya uongo wangu. Hapo nina la kujibu. Uongo ni wa siku moja. Kukaa juu ya ndoo siku zote zile ulikaa wewe. Zamu uliziona wewe, na kugongeana kwao mlangoni uliandika wewe. Kurasa zote za nyuma ni za kweli, nimezisoma sasa moja baada ya nyingine. Kosa lipo kwenye ukurasa mmoja, na kosa hilo lina jina langu.

Sina hekima kubwa ya kukupa. Nilichojifunza ni kidogo na nimechelewa kukijifunza: sikio langu la gogo nililiamini kuliko mtoto aliyekaa akatazama. Wewe sasa utakuwa mtaalamu. Utafika mahali utajua sana, na atakuja mtu wa chini yako aseme, "Bado wamo." Msikilize. Hata kama umeshapanda ngazi.

Sasa kuna hili jingine. Ulipokuwa kambini kwa mafunzo mwaka huu walikuja tena. Uliporudi wiki iliyopita kitu cha kwanza kukiona ni tundu jipya kwenye tawi la upande wa pili, ukasema, "Baba, walikuja!" Nikasema walikuja. Ukauliza, "Waliruka lini?" Nikasema nitakuambia. Ukanitazama kwa jicho la mashaka, nikajifanya natafuta patasi.

Tawi hilo nalo limekauka zamani. Mama yako kila vuli anapiga kelele litamwangukia mtu, na mimi kila vuli nimekataa, mpaka nikalihamisha banda. Hivyo ndivyo banda lilivyohama, mwanangu. Ile habari niliyokupa ya kutafuta kivuli ilikuwa gundi nyingine.

Mwaka huu nilichukua ndoo yako. Nilikaa. Siku niliyowaona kwa mara ya kwanza wakiingia na wadudu mdomoni nilikata alama moja kwa patasi kwenye nguzo ya mlango wa banda, na kila siku iliyofuata nikakata nyingine. Zile alama uliniuliza ni za nini, nikasema napima nguzo. Kijiweni sionekani, siku hizi wananiita Bwana Ndege. Nilimwona dume akiingia kila jioni. Nilikaa mpaka aingie ndipo na mimi naingia ndani kula, na chakula kilikuwa cha moto.

Siku ya ishirini na moja walikuwa bado ndani, wanapiga kelele kuomba. Nilikaa pale juu ya ndoo nikalia, Somoe. Mama yako aliniona akarudi jikoni.

Mwaka huu walikuwa wawili. Wa kwanza alitoka siku ya ishirini na sita asubuhi, sikuwahi vizuri, nilimkuta yuko kwenye mfenesi tayari. Wa pili alitoa kichwa siku hiyo yote, akarudisha, akatoa, akarudisha. Kesho yake baba yake hakumpelekea chakula. Alikaa kule kwenye mfenesi na mdudu mdomoni, anamwita. Yule mtoto alilalamika mpaka jua likapanda juu ya mabati. Halafu akajiachia. Alishuka kama jiwe, akagusa paa, akapiga mabawa ovyo, akafika mfenesini akang'ang'ania gome. Baba yake akasogea akampa. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu uani.

Alama ziko ishirini na saba. Kazihesabu mwenyewe kwa kidole, usichukue neno langu.

Basi ule mstari wa herufi kubwa ukate, ila usiuchane ukurasa. Andika chini yake kilichotokea: walikuwa watatu, walikuwa ndani, baba alikata tawi. Mwonyeshe mwalimu hivyo hivyo. Ukurasa unaofuata andika hawa wawili. Hawa nimewaona.

Mama yako alitaka nikupe barua hii kesho kituoni, uisome njiani ukiwa umeshatulia. Nimekataa. Basi likishaondoka ningekuwa nimekukimbia mara ya pili. Nimeiweka leo, ili ukiisoma uwe bado na nafasi ya kunifokea, au kunyamaza mbele yangu, lolote utakalotaka.

Leo sitoki. Nimekaa hapa bandani, mlango wazi. Ukimaliza kusoma, njoo na daftari. Nipo.

Baba yako